UCHURUZI UKUE, USINGIZI UBAKIE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, ukurasa huu umezoea kukuambia juu ya kofia ya kazi, viatu na mkanda wa kujifunga. Leo tunataka kusema juu ya bidoni ya mafuta ya ngazi. Usicheke. Bidoni ile iliyo nyuma ya mlango wako, ao gunia la samaki wakavu lililo chini ya kitanda, linaweza kumwangusha mtu kazini sawasawa na ngazi mbovu ya shimoni.

Kwa namna gani? Mwenye deni halali vizuri. Asiyelala anaingia kazini na kichwa kizito, hasikii kengele, anasahau kufunga umeme mbele ya kushika mashine. Kapita anaandika: «uzembe». Lakini uzembe ule ulianza nyumbani, siku 20 mbele, mama alipochukua mzigo mkubwa kuliko nguvu yake, na baba akakubali bila kupiga hesabu.

Hatusemi muache uchuruzi. Nani angethubutu kusema hivyo? Miaka ile ya 1990, mishahara ilipopotea katika migodi ya Katanga, ni meza za mama barabarani zilizolisha nyumba nyingi na kulipa shule ya watoto. Tunasema tu ya kuwa kuna namna ya kukuza uchuruzi bila kukuza mahangaiko pamoja nao, na namna hiyo yapimwa kwa kalamu.

Mafuta ya Kabondo-Dianda

Wengi kati yetu wana ndugu upande wa Kabondo-Dianda, kule Haut-Lomami, kwenye njia ya reli itokayo Lubumbashi, ipitayo Tenke, Lubudi, Luena na Bukama, kisha kuendelea Kamina. Reli ilifika Bukama mwaka wa 1918, na miaka 10 nyuma yake ikafika Ilebo kwenye mto Kasai. Tangu hapo vyakula vya Lomami vinakuja kulisha watu wa migodi: mafuta ya ngazi, unga wa mihogo, samaki wa Lualaba na wa maziwa ya Upemba na Kisale.

Na zamani zaidi, mbele ya reli, njia ilikuwapo. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wataalamu waliochimba makaburi ya kale mwaka wa 1957 na 1958 walikuta misalaba midogo ya shaba imewekwa pamoja na wafu. Kule kwenye maziwa hakuna mgodi wa shaba. Shaba ile ilitoka kusini, upande huu tunaochimba sisi. Kwa hiyo mama anayeteremka leo Kabondo-Dianda na bidoni tupu anafuata nyayo za watu wa karne nyingi.

Basi tuchukue mfano wake. Bei tunazoandika hapa ni za kufundisha hesabu tu. Bei ya kweli ya soko waijua wewe kuliko sisi.

Mama ananunua bidoni 5 za litri 20, kila moja franka 30.000. Hiyo ni 150.000. Kuzisafirisha, kila bidoni 8.000, ni 40.000. Wabeba mizigo na ushuru wa soko, 10.000. Jumla imekuwa 200.000, maana yake kila bidoni imemgharimu 40.000 mpaka mlangoni pake. Anaiuza 50.000. Akiuza zote 5 anapata 250.000, na faida ni 50.000. Mama anafurahi, na ana haki.

Sasa tazama jambo ambalo halionekani. Bidoni moja haikuuzwa: kopo moja liliingia katika sombe ya nyumba, kopo lingine alipewa shemeji, chupa mbili zilikwenda kwa mama mkwe, na kadhalika, mpaka bidoni ikalia tupu. Hakuna mtu aliyeiba. Lakini zilizouzwa ni 4, na pesa ni 200.000, yaani zile zile alizoziondoa. Faida yote ya safari imeliwa na bukari. Na kama bidoni nyingine moja alikopesha jirani mpaka mwisho wa mwezi, mkononi ana 150.000 tu. Safari ijayo hawezi kununua 5. Atanunua 3 na kidogo, atajiuliza ni uchawi gani umeingia, na usiku atageuka-geuka kitandani.

Hakuna uchawi. Kuna kopo lisiloandikwa.

Nunua kaye ya shule, ya kurasa 32 tu inatosha. Kila jioni mama aandike mistari mitatu: vilivyouzwa, vilivyokopwa, vilivyoliwa. Kama mama hakusoma, mtoto wa darasa la tano ataandika vizuri sana, na atajifunza hesabu kuliko shuleni. Mafuta ya jikoni yanunuliwe na pesa ya jikoni, kwa bei ile ile ya mnunuzi mwingine. Tunajua ya kuwa wengi watacheka kusikia mama anajiuzia mwenyewe. Acha wacheke, nyuma ya miezi mitatu watakuja kuomba kuona kaye.

Kupanda kwa mguu ao kuruka

Mama ameona bidoni 5 zinaleta 50.000. Anawaza: kumbe bidoni 20 zingeleta 200.000! Ni kweli kwa hesabu. Lakini bidoni 20 zataka 800.000, naye ana 200.000. Hapo ndipo anasikia ya kuwa kuna mtu wa «banki lambert» nyuma ya soko, anakopesha bila karatasi nyingi. Pesa inatoka siku ile ile. Inarudi na nusu juu yake mwisho wa mwezi.

Piga hesabu mbele ya kunyosha mkono. Amekopa 600.000. Mwisho wa mwezi atarudisha 900.000. Faida ya bidoni zote 20, kama treni haikukawia hata siku moja, kama hakuna iliyopasuka, kama hakuna aliyekopa, ni 200.000. Riba peke yake ni 300.000. Maana yake mambo yote yakienda vizuri kabisa kama katika ndoto, mama amefanya kazi mara nne zaidi na amepoteza 100.000. Na kama treni ikikaa njiani juma moja, mwezi wa pili unaanza kuhesabiwa. Tumeona watu wanaouza paa za mabati juu ya jambo hilo.

Njia nyingine ni ya polepole, lakini tazama inavyofika. Safari ya kwanza, bidoni 5, faida 50.000. Acha 40.000 ndani ya uchuruzi, ni bidoni moja zaidi, 10.000 peleka nyumbani. Safari ya pili, bidoni 6, faida 60.000: acha tena 40.000, nyumba ipate 20.000. Safari ya tatu ni bidoni 7, nyumba inapata 30.000. Ya nne ni 8, nyumba inapata 40.000. Ya tano ni 9, nyumba inapata 50.000. Anapokwenda safari ya sita ananunua bidoni 10, mara mbili ya mwanzo, na nyumba imekwisha kula 150.000. Hakuna mtu anayepiga hodi usiku kumtafuta.

Wengine watasema: safari moja ikiharibika je? Itaharibika kweli, siku moja. Lakini atakuwa amepoteza mali yake mwenyewe, si ya mtu mwenye hasira.

Likelemba pia ni msaada mzuri, tukijua mpaka wake. Watu 10 wanaofahamiana, kila mmoja anaweka sawasawa, mmoja anachukua zote, mpaka zamu imekwisha. Pesa haina riba, na siku yako waijua. Kinachoharibu ni mama kuingia katika likelemba tatu kwa mara moja, akitumia zamu ya hii kulipa ile. Hapo si akiba tena, ni deni lenye jina zuri. Moja, na watu wa pahali unapokaa, yatosha.

Pesa nyingi mara moja

Mwaka wa 2003 Gécamines iliachisha zaidi ya wafanyakazi 10.000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, kwa pesa za Benki ya Dunia. Watu waliokaa miezi mingi bila mshahara walishika mara moja fungu ambalo hawakuwahi kulishika. Kuna waliofungua duka, kuna walionunua gari la taksi, kuna waliojenga. Wengi waliona pesa imekwisha mbele ya kuujua uchuruzi wenyewe. Si juu ya uvivu, maana mtu aliyefanya kazi miaka 25 ya shimoni si mvivu. Alijua kupasua mwamba; hakuna aliyemfundisha ya kuwa gari la taksi linakula matairi na kwamba duka jipya linakaa miezi bila wanunuzi. Kama unakaribia pensheni, anza kujifunza leo kwa bidoni 5, wakati mshahara ungalipo. Kosa la bidoni 5 linauma kidogo.

Wazee wanajua pia habari ya tarehe 25 Desemba 1979, siku Mobutu alipotangaza ya kuwa noti za zaïre 5 na 10 hazina nguvu tena, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha, kwa kipimo. Waliokuwa na pesa chini ya godoro waliamka na makaratasi. Ndiyo maana mchuruzi mwenye akili hapendi kulaza pesa nyingi: kipande kiwe ndani ya vitu vinavyouzika, kipande kwenye benki ao katika M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, na kidogo tu nyumbani. Hii inapunguza pia hofu ya wezi.

Ndugu amekuja na shida

Tuseme kweli: linalomchosha mchuruzi kuliko mzigo ni jamaa. Kaka amefiwa, mtoto wa dada hana vitabu, jirani anataka kukopa mpaka siku ya mshahara. Ukikataa, wewe ni mtu mbaya. Ukikubali, meza imelala. Mama anabaki katikati, na moyo unapiga mbio.

Hatuwezi kukufundisha kukataa ndugu; hiyo si desturi yetu, na siku yako ya shida nawe utawahitaji. Lakini toa katika fungu la nyumba, lile la 10.000 ao 20.000, usitoe katika mali. Ukiwa na 2.000 ya kumpa kaka, mpe ile 2.000 kabisa, kama zawadi, usiite mkopo. Zawadi ndogo inakwisha siku ile ile na kila mtu anakwenda kulala. Mkopo mkubwa kwa ndugu unakaa mwaka mzima katikati ya watu wawili kama jiwe ndani ya kiatu.

Na kwa majirani wa kampi wanaonunua kwa deni, weka kipimo. Katika mfano wetu, bidoni moja iliyokopwa ni faida yote ya safari. Kwa hiyo usikopeshe kupita nusu ya bidoni kwa watu wote pamoja, na jina la kila mmoja liandikwe mbele ya macho yake. Anayechukia kuandikwa, hakuwa na nia ya kulipa.

Baba, hapa kuna neno lako. Mali ya mama si mfuko wa pombe wa siku ya 20 ya mwezi. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume mbele ya mambo mengi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa jambo hilo, na sasa inataka bibi na bwana wasikilizane. Kaeni pamoja mara moja kwa juma, fungueni kaye, someni. Nusu saa inatosha. Ugomvi mwingi wa nyumba za wafanyakazi ni ugomvi wa hesabu ambazo hakuna aliyezipiga.

Bidoni imetoka wapi?

Jambo hili tunaliomba kwa nguvu zote. Bidoni na mapipa yaliyobeba dawa za kiwanda, kama zantati, asidi ao sabuni kali za mashine, zisiingie katika uchuruzi wa chakula hata siku moja. Tunajua zinapendwa, maana ni ngumu na hazipasuki njiani. Lakini plastiki inakunywa dawa ndani ya mwili wake. Utaosha kwa maji ya moto, utaosha kwa mchanga, harufu itakwenda, na dawa itabaki. Kisha mafuta yatainyonya polepole na kuipeleka katika chungu cha mtoto. Baba, usilete bidoni ya namna hiyo nyumbani, hata ya maji ya kunawa. Mama, usinunue sokoni bidoni ambayo mwenyewe hawezi kukuambia ilibeba nini. Ile iliyobeba mafuta ya kula tangu mwanzo, hata ikiwa ya bei, ni yako.

Kisha safari yenyewe. Tarehe 10 Machi 2022 treni ya mizigo iliyotoka upande wa Luena ilianguka karibu na Buyofwe, katika teritwari ya Lubudi, na vagoni nyingine zikatumbukia bondeni. Zaidi ya watu 60 walikufa. Treni ile haikuwa ya abiria. Waliokuwa juu yake walipanda kwa siri, kama wengi wanavyopanda kwenye njia hiyo, kwa kuepuka bei ya tiketi ao kwa kukosa kungoja. Mama, tia bei ya tiketi katika hesabu ya bidoni tangu mwanzo. Kama uchuruzi hauwezi kulipa tiketi ya treni ya abiria, uchuruzi huo haujaleta faida bado. Ni afadhali kupeleka pesa kwa ndugu aliye Kabondo-Dianda anunue na kutuma mzigo, umlipe kidogo kwa kazi yake, kuliko kukaa usiku juu ya makala ao magunia.

Nyumbani napo: anayeuza esansi, wale wanaoitwa kadafi, asiiweke ndani ya nyumba ya kulala. Mvuke wa esansi unatambaa chini ya mlango mpaka kwenye mbabula, hata kama mbabula iko chumba kingine. Na mama anayekaanga vitumbula alfajiri, mbabula yake ikae nje ao chini ya paa lisilo na kuta. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na mtu analala asiamke.

Saa za baba

Mtu anayekaa macho saa 17 mfululizo, mikono na macho yake yanakawia kama ya mtu aliyekunywa pombe. Wataalamu wamelipima jambo hili mara nyingi. Sasa hesabu: baba wa kazi ya usiku ameamka saa saba ya mchana, ameshinda kwenye meza ya mama mpaka jioni, ameingia kazini saa nne ya usiku. Ikifika saa kumi na mbili ya asubuhi, akiwa bado kwenye kamiyo kubwa ao anateremka ngazi, saa zake 17 zimetimia. Hajanywa hata chupa moja.

Kwa hiyo kazi ya baba katika uchuruzi iwe ile ya siku za mapumziko: kupakia, kupima, kusoma kaye. Kama meza haiwezi kusimama bila baba aliyetoka kazi ya usiku, meza ni kubwa mno kwa nyumba hiyo. Rudisheni bidoni moja ao mbili nyuma, ao tafuteni mpwa wa kulipwa kwa siku.

Na wote wawili mpimwe tansio kwenye zahanati mara kwa mara. Tansio ya juu kwa wengi haiumi wala haionekani, mpaka siku inapompiga mtu. Ukipewa dawa, uimeze kila siku, hata unapojisikia mzima. Kuiacha juu ya kulipa mzigo wa treni ni hesabu mbaya kuliko ile ya banki lambert. Kama umekaa majuma mawili usilale vizuri, unagombana na watoto bila sababu, ao umeanza kutafuta usingizi ndani ya chupa, mwambie mganga waziwazi pamoja na habari ya deni. Amesikia habari nyingi za namna hiyo.

Siku baba anapotoka kazi ya usiku, wanunuzi wapitie upande wa barabara, si mlango wa chumba. Wekeni pazia nzito dirishani, watoto wapeleke mpira kwa jirani, na anayekuja kudai aambiwe arudi saa kumi ya jioni.